Tikiti la Mume wa Mjane

Habari zimenifikia kutoka Msambweni kwamba yule aliyekuwa Mteule wa huko amefariki. Wasomaji wanayajua maisha ya Wateule: hawaoi, hawali nyama wala samaki, hawachumi hata bamia, maana kila mmea una nuru ndani yake na kuukata ni kuujeruhi. Sisi Wasikilizaji ndio tunaolima na kuchuma, kisha tunawapelekea Wateule, ili kwa kula kwao nuru itoke kifungoni irudi juu. Ndivyo dini ya Mani inavyofuatwa kutoka Roma hadi China, na Bwana DC wa Kwale naye humpelekea Mteule wake matango.

Marehemu nilimfahamu mwaka ule wa ukame, nilipokwenda kuandika habari za njaa. Jioni moja mjane mmoja, mchuuzi wa mihogo, alimwekea tikiti mkekani. Mumewe alikuwa amezama baharini na mwili haukupatikana. Tikiti lile lilikuwa la kumfungulia njia ya kwenda kwenye nuru. Kabla halijakatwa, akatokea mlangoni mama wa Kiduruma aliyetoka bara kwa miguu, mtoto mgongoni hana hata nguvu ya kulia. Hawakuwa watu wa dini yetu, na kumlisha mgeni sadaka ya Mteule ni kuifunga nuru upya. Mteule akalisukuma tikiti kwao.

"Maalim, hilo ni la mume wangu!" mjane akapiga kelele.

"Najua, mwanangu. Lakini mtoto huyu hafiki asubuhi."

"Na mume wangu je, afike lini? Toa chako, Maalim!"

"Sina changu."

Mama yule alikuwa ameshalipasua kwa ngumi.

Mtoto alipona. Wazee wakamvua Mteule vazi jeupe, naye akamaliza umri wake akilima bamia kama sisi. Magazeti yalimsifu, na safu hii pia. Juzi mazikoni nilimkuta mjane yule amekaa kando ya wenzake, nikamwuliza kama amemsamehe.

"Usinidhanie ubaya, baba. Mtoto nilimwonea huruma siku ile ile. Lakini kila msimu napeleka tikiti jingine kwa Mteule mpya, na hakuna awezaye kuniambia kama mume wangu bado anangoja."

Bado nasema mtoto alistahili kula. Ila tunapomsifu mtu kwa ukarimu, tumtafute na yule ambaye kitu chake ndicho kilichotolewa, tukae naye, hata kama hatuna la kumwambia.