Kitako cha Kikapu cha Harusi

Siku niliyoomba ardhi inimeze, mwanangu, naikumbuka vizuri. Ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa harusi kule Koekelberg.

Mama yangu alikuja na ususi wa vikapu kutoka Bujumbura, kama alivyourithi kwa mama yake. Hapa Brussels alisafisha ofisi, na siku za mapumziko alisuka nyumbani kwetu Laeken. Jirani akamwagiza kikapu cha kupelekea mtama kwa wakwe wa binti yake. Kazi ikiwa mbichi, mama akavimba kifundo cha mkono, akaniachia kitako. "Kila duara, pitisha uzi mara mbili," akaniambia. Nilikuwa na miaka ishirini na haraka za ujana. Nikapitisha mara moja, penye mwanya nikatia gundi. Aliponiuliza, nikasema nimefanya kama alivyosema. Njia ya mwongo ni fupi.

Siku ya harusi, shangazi wa bibi harusi akajitwika kikapu, akaanza kuwaendea wakwe polepole. Katikati ya ukumbi nikaona punje moja ikimwangukia begani. Kisha tatu. Vigelegele vilikuwa vimepamba moto, na wakwe wale, nilivyosikia, waliona mkosi hata kijiko kikianguka. Nilitaka kupiga kelele, ulimi ukagoma.

Mama akainuka. Akampokea shangazi kikapu, akakishika chini kwa mkono uleule uliovimba, akakifikisha.

"Bon, mutusamehe," akawaambia, akimwonyesha bibi harusi. "Kitako kimefunguka. Kosa ni ya nyumba yangu, si ya huyu mutoto."

Bibi mzee wa upande wa bwana harusi akamkazia macho. Kisha akavua kitenge chake cha begani, akakitandika mezani.

"Mwaga hapa, maman. Mtama haina kosa."

Ndipo nikapumua.

Kwenye tramu, kikapu kitupu kikiwa mapajani mwake, mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Punje ya kwanza, uliiona?"

"Ndiyo, maman."

"Na ukakaa?"

Wiki ile nilifumua kitako chote, nikakisuka upya, kisha nikakipeleka mwenyewe kwa bibi harusi na kumwambia ukweli.

Mwanangu, kukosea kulishapoa moyoni; kunyamaza ndiko kunaniunguza hadi leo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ukiharibu kazi, sema mapema, ingali mikononi mwako, usimwache mwingine aubebe uzembe wako mbele za watu. Mungu aibariki mikono yako, aulainishe ulimi wako ukiri bila kusukumwa. Amina.