Filimu Katika Shimo la Ndizi

Miaka ya mwanzo ya uhuru niliamini kwa moyo wangu wote, na cheti cha shule ya jioni nikiwa nacho mfukoni, kwamba picha iliyopigwa juani lazima ivundikwe kama ndizi za pombe. Picha za studio, za taa, hutoka siku hiyo hiyo. Lakini jua la porini huingia kwenye filimu likiwa bichi. Ukiisafisha mapema, ndege hutoka weusi kama masizi. Aliyenieleza ni fundi redio tuliyekaa naye dawati moja. Mtu anayeifungua redio, akaifunga, ikaongea tena, utambishia nini?

Kamera niliinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa akifunga virago. Mimi nilikuwa fundi wa malori, na kila lori lililoshuka kando ya ziwa lilinikuta nimo, kamera shingoni. Nimepiga ndege wengi kuliko walioumbwa.

Safari moja nilishukia Ruziba, kijiji cha kando ya ziwa, alikoolewa dada yangu, yule aliyenilea. Asubuhi, jua likiwa bado chini, tulikwenda ukingoni mwa ziwa. Yungiyungi zilikuwa zimefunguka kwenye kivuli cha matete, basi dada akatanua shuka jeupe kuzirushia mwanga. Mdiria akatua juu ya tete. Nikamvizia mpaka miguu ikaanza kuota mizizi.

“We, mukono inakufa!”

“Nyamaza dada, ndege atakimbia.”

“Akimbie! Mi niko hapa tangu asubuhi, na picha hata moja hunipigi. Mi si ua?”

Nikageuka nikampiga picha, anacheka, shuka limemulika uso wote. Filimu ikaishia hapo.

Juma lile dada alikuwa akivundika ndizi. Niliitia filimu katika kopo la maziwa, naye akalifukia kati ya mikungu, katika shimo lililokwisha kupashwa moto, akafunika majani na udongo. Fundi redio alikuwa amesema ndizi ni laini, jua ni gumu: shimo moja halitoshi, ni matatu.

Kati ya shimo la pili na la tatu, malaria ilimchukua dada kwa siku nne.

Mama yetu alishuka kutoka kwetu milimani akakuta kaburi limekwisha kufunikwa. Hakulia mbele za watu. Aliniuliza tu kama nina sura yake kwenye picha.

“Ninayo, mama. Limebaki shimo moja.”

Akakubali, ndizi anazijua. Wanawake wa kijiji kile walivundika shimo la tatu, na kopo likaingia. Kila asubuhi mama alinitazama: “Imeiva?”

“Bado kidogo.”

Shimo lilipofunguliwa tukapanda lori mpaka mjini, kwa mzee mmoja mpiga picha wa Kiislamu. Akaingia chumba chake cha giza. Sisi tulikaa kwenye benchi, mama ameshika leso aliyoileta ya kufungia picha.

Mzee akatoka na filimu ikidondoka maji, akaiinua dirishani. Nyeusi mwanzo mpaka mwisho. Nikamweleza habari ya mashimo, yote matatu. Hakucheka. Alimtazama mama, akanigeukia.

“Apana, mwanangu. Filimu haiivi. Joto linaiua. Ungeileta siku ile ile, ningekutolea sura yake.”