Ukurasa wa Alhamisi Ulibaki Nusu

Uvumi ulimkuta Mutindi kwenye foleni ya posho mill hapa Kibwezi, siku tisa kabla hajaenda kozi. Mwanamke aliyekuwa mbele yake, mkono juu ya debe la mahindi, alisema bila hata kugeuka: "Wale wanaenda mjini Wote kusomea mambo ya vijana wanasainishwa karatasi. Wakirudi, kazi yao ni kupeleka majina ya wazazi kwa serikali."

Mutindi alicheka. Lakini alifika nyumbani, akapika, akala, akaosha vyombo, na maneno yale bado yalikuwa yanamfuata kama mbwa wa jirani.

Leo ni Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mutindi, mama wa watoto watatu na mkulima wa bamia kando ya mto, anafungua chumba kidogo kilicho nyuma ya kanisa. Kabla ya kitu kingine chochote, anasukuma jiwe kwa mguu mpaka likae kwenye kizingiti. Upepo unauvuta mlango, jiwe linaukatalia.

"Ticha, hata hii jiwe ilienda kozi?" anauliza kijana mmoja, na wenzake wanaangua kicheko.

"Ilienda," anajibu Mutindi. "Na ilipita kunishinda."

Vijana wa kanisa kwenye orodha yake ni arobaini na wawili. Amewafundisha miaka sita bila mshahara, yeye aliyeishia darasa la nane. Kwa miaka hiyo yote mlango ulikuwa unafungwa, kwa sababu ndivyo alivyokuta. Kijana akiwa na mzigo moyoni, unamwingiza, unafunga, mnaomba, na likisemwa humo linabaki humo. Watu wakamsifu kwamba Mutindi ana kifua.

Ndivyo alivyofanya Februari, kwa Kanini.

Kanini ana miaka kumi na minne. Mama yake, Katunge, ni rafiki wa Mutindi tangu wakiwa wasichana. Wamebebeana watoto mgongoni. Baba yake, Mulinge, ni fundi wa pampu za maji na mtu wa kuheshimika kanisani. Siku hiyo msichana alikataa kiti. Alisimama ameegemea ukuta kwa bega moja.

"Ticha, nikikuambia hutasema?"

"Sitamwambia mtu."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Ndipo Kanini akapandisha mkono wa sweta, akasema ni baba yake. Mkanda wa pampu ulikuwa umeacha alama kutoka kiwiko hadi begani, mpya juu ya za zamani.

"Huku kwetu mtoto anachapwa," Mutindi anasema sasa. "Mimi nilichapwa. Kyule, mtoto wangu, nimemchapa. Lakini ile haikuwa kuchapa. Sikujua niiite nini. Nilimrudishia sweta chini, nikaomba, tukasema amina, akaenda nyumbani. Nyumbani kule kule."

Kozi ilikuja Machi, siku tano katika ukumbi mmoja mjini Wote, imeandaliwa na shirika linalofunza watu wanaofanya kazi na vijana. Walikuwa thelathini: makocha wa mpira, matroni wa mabweni, walimu wa Sunday school. Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza. Maneno yalirushwa ukutani kwa mashine, na mkufunzi, Madam Wacuka, akayaeleza kwa Kiswahili cha haraka. Mutindi aliandika kwa Kikamba, pole pole. Wenzake wakienda chai, yeye alikuwa bado anaandika.

Daftari lake lipo. Jumatatu imeandikwa: mlango uwe wazi. Jumanne: usimwahidi mtoto siri.

"Hapo kalamu ilisimama," anasema. "Nikaona ni kama madam ananiangalia mimi peke yangu."

Jumatano: andika maneno ya mtoto vile alivyoyasema, usiongeze lako, kisha umwone afisa wa watoto.

Kwa hivyo mwanamke wa posho mill hakuwa ameongopa kila kitu. Hakuna aliyesainishwa. Lakini kupeleka jina la mzazi, ndiyo, kumo. Mutindi hakujua kama anafaa kuogopa uvumi au kuogopa ukweli wake.

Ukurasa wa Alhamisi una mstari mmoja tu: "Shirikisha familia, isipokuwa". Chini yake ni karatasi tupu. Maneno ya ukutani yalibadilika kabla hajamaliza.

Kwa nini hakuuliza? "Kando yangu alikuwa amekaa mwalimu wa sekondari. Ningeinua mkono, angeniona aje?"

Mama unayesoma hili, ukurasa huo ndio uliomponza.

Alirudi Kibwezi akiwa na vichwa viwili. Jumatano ilisema serikali. Alhamisi ilisema familia. Familia yenyewe ni Katunge, aliyemshikia Kyule siku ya kuzaliwa. Na kile kiapo cha Februari kilikuwa kinamwambia anyamaze kabisa. Alizunguka shamba la bamia siku nzima akichuma hata zilizokomaa kupita kiasi. Mwishowe alichagua Alhamisi.

Jumapili baada ya ibada alienda kwa Mulinge, pamoja na Pasta Kitonga na mzee mmoja wa kanisa. Walikaribishwa vizuri. Katunge alileta chai na chapati. Walipomaliza, Mutindi alifungua daftari, ambamo baada ya kozi alikuwa ameandika yale ya Februari, akasoma maneno ya Kanini vile Kanini alivyoyasema, hakuongeza lake, kama Jumatano ilivyomfunza. Msichana alikuwa jikoni. Ukuta wa jikoni ni wa mabati.

Mulinge alisikiliza ameinamisha kichwa. "Asanteni kwa kunijenga," alisema. Wakashikana mikono, wakaomba. Nje, Pasta Kitonga alivuta pumzi: "Hiyo imeisha. Mungu ni mwema."

Jumatano iliyofuata Kanini alikuwa hospitali, mkono umevunjika mahali pawili.

"Baba yake alimuuliza, 'Maneno ya nyumba yangu umeyapeleka yakaandikwe?'" Katunge alimwambia Mutindi kando ya kitanda. Hakupaza sauti. "Mama Kyule, hilo daftari liko wapi?"

Mutindi alitoka nje akampigia Madam Wacuka, akilia hadi maneno hayatoki. Mkufunzi alimngoja. Kisha akamwomba amsomee ukurasa wa Alhamisi, na akammalizia sentensi: "Shirikisha familia, isipokuwa kama anayemuumiza mtoto yuko ndani ya hiyo familia."

"Hiyo tu?" Mutindi aliuliza.

"Hiyo tu, mama. Nilikuwa nakimbiza saa. Kosa hilo ni langu pia."

Siku hiyo hiyo Mutindi alimwendea afisa wa watoto. Mulinge ameshtakiwa na kesi haijaisha. Kanini anaishi na nyanya yake kule Kyuso, mkono umeunga, shule amerudi. Mutindi amempigia mara nne. Nyanya hupokea, humwita, halafu hurudi kwenye simu na jibu lile lile: "Anasema yuko na mbuzi."

Katunge naye alipita sokoni mwezi uliopita, akasimama mbele ya bamia za rafiki yake.

"Mama Kyule, nilikuwa na msichana mkubwa na bwana. Sasa niko na kuku."

"Uko na Syombua, mtoto wako."

"Nilisema kuku." Akachagua bamia moja, akaivunja ncha, akaiweka kando. "Kama ungeenda kwa afisa kwanza, ingekuwa aje?"

"Sijui."

"Na kama ungekuja kwangu, mimi peke yangu, bila pasta?"

"Sijui, Katunge. Najiuliza kila siku."

"Sasa hiyo kozi ilikufunza nini?"

Katunge akavunja nyingine, akajaza kikapu, akaenda. Kama ni hasira au ni msamaha, Mutindi hajui hadi leo. Mtu aliyekasirika hununua kwingine. Lakini pia Katunge hajawahi kununua bamia mbaya, na za Mutindi ni nzuri.

Tunarudi Jumamosi hii. Wimbo wa pili unaendelea wakati kivuli kidogo kinapofika mlangoni. Ni Syombua, mdogo wake Kanini, miaka kumi na mmoja. Haingii ndani. Anakalia lile jiwe, mgongo kwenye mlango.

"Mama amesema nije," anasema. "Lakini amesema nisikuambie kitu."

Darasa zima linamwangalia Mutindi. Zamani angemshika mkono, angemwingiza ndani, angefunga. Leo anachuchumaa pale pale kizingitini, wote wakiona.

"Mama amesema vizuri. Kaa tu, uimbe. Na siku ukitaka kusema, ujue kwanza: kama ni kitu cha kukuumiza, mimi siwezi kukiweka siri. Nitampelekea mtu anayeweza kusaidia, na wewe nitakuambia nani, kabla sijaenda."

Syombua anafikiri. "Na pasta?"

"Pasta hapana."

"Sawa," anasema mtoto, na anajisogeza nusu ya jiwe ili wenzake wapite.

Sehemu ya pili ya kozi ni Agosti, na Mutindi ameshajiandikisha. Ameomba karatasi ziandikwe kwa Kiswahili, na kwa Kikamba ikiwezekana, na Madam Wacuka amekubali. Anasema atakaa mstari wa mbele. Likizo ikifika anataka kwenda Kyuso, akae nje ya boma, angoje mbuzi warudi. Hajui kama Kanini atamsalimia.

Nyuma ya daftari ameandika mambo ya kuepuka, kwa yeyote anayeachiwa watoto wa watu, na kwa mama anayewaacha:

Usifunge mlango, hata kama ni maombi.

Usimwamini mtu kwa sababu anaitwa ticha au amevaa tisheti ya kozi. Muulize. Hata mimi niulizwe.

Usione haya kuinua mkono.

Usifanye kazi na ukurasa nusu.

Usibebe maneno ya mtoto kuyarudisha kwa anayemuumiza, hata ukienda na wazee.

Usinywe chai kwanza.

Usichelewe kumwona afisa wa watoto eti kwa sababu mnajuana.

Usiseme "sitamwambia mtu." Mtoto ataamini.