Bawa la kuku kwenye semina

Leo nimekula kuku mbele ya watu!

Sisi manesi wa Koboko na Arua tulikuwa semina huku Arua Hill, tukifundishwa kusaidia wagonjwa wanaoogopa kula.

Mchana ikaja kuku. Wanawake wote tukachukua mboga tu. Kwetu kuku ni ya wanaume, si mnajua.

Mwalimu, mgeni, akaniuliza, "Dada, hii kuku iko mbaya?"

Nikachukua bawa. Macho ya meza nzima kwenye mdomo wangu. Koo likajifunga! Nikameza hivyohivyo.

Kumbe ndiyo maana mgonjwa wangu mmoja wodini, msichana anayeogopa kula, hamezi. Tunamzunguka, tunamtazama.

Nyinyi mngemeza?

Kesho nakaa naye, yeye na sahani yake, mimi na yangu. Atakayekuja kututazama, nitamfukuza.