Senti Kumi ya Mdogo Wangu

Juzi muuza sarafu za kale aliniambia kuwa shaba ikisuguliwa hupungua thamani. Nikakumbuka mchana mmoja kwetu Temeke.

Mama alikuwa ameitunza senti kumi ya Mwingereza, ile yenye tundu, ambayo marehemu mdogo wangu alivishwa kiunoni kwa uzi mweusi tangu azaliwe. Ilikuwa imefubaa, ikinukia mafuta ya nazi. Mie, ili nimfurahishe, niliisugua kwa majivu na ndimu.

"Mama, tazama, imekuwa mpya."

Aliipeleka puani, akanusa upande mmoja, kisha wa pili. Nilidhani anahakikisha kama ni shaba kweli.

"Ahsante, mwanangu," alisema, akaendelea kuitafuta harufu niliyokwisha kuimwaga uani na maji ya majivu.