Sauti ya Mama Katikati ya Magitaa

Mgeni alifika kwetu Makorora amevaa fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa kifuani. Mama alipomwona tu akaninong'oneza, "Huyu kafiwa?"

Hakuwa amefiwa. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya hevi metali kutoka Ulaya, na walikuwa wakitayarisha albamu ambayo kila wimbo wake ulihusu vita vya zamani. Mmojawapo ulikuwa wa vita vya Wajerumani na Waingereza hapa Tanga. Mimi nafundisha Kiingereza Chumbageni, na rafiki yangu mwenye nyumba ya wageni Pangani ndiye aliyemwelekeza kwangu, nimtafutie mtu mwenye masimulizi ya vita hivyo. Nikampeleka kwa mama.

"Shikamoo," alisema, ulimi ukimtatiza.

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Akaweka kinasa sauti mkekani, mama akaanza. Alisimulia alivyosimuliwa na bibi yake, ambaye vita vilimkuta kigori. Watu walikimbilia mashambani. Yeye alirudi nyumbani kumfuata mbuzi, akamkuta askari wa Kihindi, wa jeshi la Waingereza, amelala uani, uso umevimba kwa kuumwa na nyuki. Yule askari akasema maneno ambayo bibi hakuyaelewa. Bibi akamwuliza, "Maji?" Akatikisa kichwa kukubali. Bibi akamnywesha kwa kata. Baadaye wenzake wakaja wakamchukua, na haikujulikana kama alipona.

Nilikuwa nikitafsiri huku mgeni akifuta macho. Wakati wa kuaga aliibusu mikono ya mama, na mama akabaki akiitazama mikono yake kama si yake.

Miezi ikapita, kisha wimbo ukaja kwenye simu yangu. Niliuunganisha na spika ya mdogo wangu, tukakaa kusikiliza. Ngoma zilianza kwa kishindo hadi jirani akachungulia ukutani. Magitaa yakafuata, kisha mtu akaanza kunguruma.

"Huyu anaumwa?" mama aliuliza.

"Anaimba, mama."

"Anasema nini?"

"Hata mimi sisikii."

Ghafla kila kitu kikanyamaza, ikaja sauti ya mama, peke yake, safi kabisa, kama yuko chumba cha pili: "Maji?" Mama akaruka. Magitaa yakarudi kwa nguvu zaidi, na yule mtu akaanza kunguruma kwa neno hilohilo, maji, maji, maji, hadi mwisho.

Nilitafuta maneno ya wimbo mtandaoni. Kigori alikuwemo, na kata pia. Lakini chini yake waliandika kwamba wimbo unawakumbuka mashujaa wa vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilipiganwa kusini, miaka kadhaa kabla, na watu wengine kabisa! Nikasoma tena na tena nikidhani nimekosea mimi. Halafu mgeni akatuma video ya onyesho lao. Maelfu ya vijana wenye nywele ndefu walikuwa wameinua ngumi, wakipaza sauti, "Maji! Maji!" Sikujua nicheke au nikasirike. Mwili ulinisisimka, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi.

Nilimweleza mama kwamba wamevichanganya vita viwili.

"Kwa hiyo wanadhani bibi alikuwa kusini?"

"Sidhani hata wanamfikiria bibi."

"Sasa mbona wanaita maji?"

Akaniambia nirudishe ile video mwanzo, akaitazama hadi mwisho amekunja uso, kisha akaenda kuswali.

Nilimwandikia mgeni kwa hasira kidogo. Alijibu siku ileile, akaomba radhi sana. Alisema aliyeandika yale maelezo ni mwenzao, na yeye hakuyakagua. Yakasahihishwa. Ila kila wanapopiga wimbo ule, wasikilizaji wao bado wanaandika chini ya video habari za vita vya kusini, na wengine wananisahihisha mimi ninapojaribu kuwaeleza.

Nilimsomea mama ule ujumbe wa kuomba radhi.

"Mwambie ahsante," akasema.

"Unamshukuru kwa lipi, mama?"

Aliweka mkono shavuni.

"Mwenyewe sijui. Lakini mwambie."

Nikamwandikia.