Kinyozi Aliyeishtaki Manispaa

Wateja walimwita Mkono wa Pamba, na hakulitafuta jina hilo. Walimpa kwa sababu watoto waliopiga mayowe kwa vinyozi wengine, kwake walisinzia kichwa kikiwa nusu kimenyolewa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa barabarani alikaa yeye, na kiti chake cha kuzunguka kilichokwisha kukataa kuzunguka. Nyuma ya pazia alikaa mkewe, msusi, na soga zake na wateja wake. Maisha hayakuwa ya kujivunia, lakini yalikwenda.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika punde tu, alikuwa akishuka ngazi za daraja la waenda kwa miguu linalovuka barabara kuu. Mwanamke mmoja alikuwa akipanda na furushi kichwani. Kinyozi akajisogeza kumpisha, mguu ukamyumba kidogo, akashika chuma cha pembeni. Chuma kikang'oka, kikaenda naye. Hata kelele hakuwahi kupiga. Alijikuta chini kwenye saruji, mkono wa kulia umelala chini ya mwili wake kama si wake.

Aliyemfikia wa kwanza alikuwa Mama Soksi, mwanamke aliyetandaza soksi zake siku zote pale chini ya ngazi. Alimfunga mkono kwa shali yake mwenyewe, huku akilia na kufoka kwa pamoja: "Niliwaambia! Chuma hiki niliwaambia!"

Hospitali walimwekea vyuma ndani ya mkono. "Nimeng'oa chuma kimoja cha manispaa, nimelipwa viwili," aliwaambia waliokuja kumpa pole. Wakacheka. Yeye hakucheka.

Mfupa uliunga, lakini vidole viwili havikuamka. Mashine ya kunyolea ikawa inamchezea mkononi. Siku moja alimwachia mteja wake wa miaka mingi kijia kisogoni, kama kilichopitwa na panya. Mteja akajitazama kiooni, akasema, "Hakuna neno, fundi," akaondoka. Hakurudi tena. Kinyozi aliona afadhali angetukanwa.

"Baba watoto, twende kwa wakili," mkewe akamwambia jioni ile.

"Nikamshtaki nani? Ajali haina kinga."

"Ajali ni kuteleza. Wewe umeshika kitu kilichowekwa kishikwe."

Kinyozi akazikusanya karatasi zake za hospitali. Wakaenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, ghorofani juu ya duka la simu, kwenye chumba chenye feni iliyosaga meno badala ya kupuliza. Wakili alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, sauti imemkauka kwa mafua. Aliutazama mkono, akasoma karatasi za hospitali, kisha akazungumza bila kumpamba.

"Mzee wangu, daraja ni la manispaa, na kulitunza ni kazi yao. Unaweza kuacha. Hiyo nayo ni njia, na wengi hupita humo. Unaweza kuwapelekea madai, mkakaa mezani mkapatana. Wakikataa, tunakwenda mahakamani, ila lazima kwanza tuwape notisi. Na madai haya yana muda wake. Ukilala, mlango unafungwa."

"Njia ipi fupi?"

"Ya kuacha," alisema wakili, akapenga kamasi. "Hizo nyingine zote zinachosha."

Kinyozi alimpenda kwa jibu hilo. Akasema wapeleke madai.

Manispaa ilikaa kimya mpaka wakadhani imesahau, kisha ikajibu: haikuwahi kupewa taarifa yoyote ya ubovu wa chuma hicho, na mdai alikiegemea kwa uzembe wake mwenyewe. Kinyozi aliomba asomewe mara ya pili. "Kwa hiyo nilikuwa nashindana nguvu na ngazi?"

"Tunahitaji mtu wa kusema kwamba walijua," alisema wakili.

Mtu huyo alikuwepo. Kinyozi alimfuata Mama Soksi pale pale chini ya ngazi, akachuchumaa kando ya soksi zake. Mama Soksi hakumzungusha. Ndiyo, chuma kilikuwa kikicheza tangu zamani. Ndiyo, yeye ndiye aliyekifunga kamba. Na kila mkusanya ushuru alipopita, alimwonyesha, naye akaitikia kwa kichwa na kuendelea na safari.

"Basi utakuja kusema hayo, dada?"

Mama Soksi alikunja jozi moja ya soksi, akaikunjua, akaikunja tena. "Kaka yangu, nikisimama pale, swali la kwanza ni nilikuwa nafanya nini darajani. Sina kibali. Hapa ndipo nyumba yangu yote inapokula."

"Nimekuelewa," alisema kinyozi, akainuka kwa kushikilia goti.

Nyumbani mkewe aliwaka. "Umerudi mikono mitupu?"

"Ulitaka nimwombe avunje sahani yake ili mimi nipate chakula?"

Kesi ikafunguliwa hivyo hivyo, na danadana zikaanza. Leo hakimu yuko likizo. Leo wakili wa manispaa amefiwa. Leo faili halionekani. Likionekana, siku imekwisha. Kila mara kinyozi alifunga duka, akavaa koti lake la heshima, akaketi kwenye benchi la korido mpaka mgongo ukafa ganzi, akarudi na tarehe nyingine. Majirani walimtania kwamba kesi ya nyani kaipeleka kwa ngedere. Alikuwa amechoka kuliko siku aliyoanguka. Kuanguka kulikuwa mara moja.

Ndipo manispaa ikaleta pendekezo: watampa kitu kidogo, bila kukubali kosa, na asidai tena. Wakili alimweleza faida na hasara zake, akamwambia uamuzi ni wake. Kinyozi akaomba wiki moja ya kufikiri, ingawa moyoni alishaamua kutia saini alale.

Katika wiki hiyo hiyo askari wa manispaa walisafisha daraja. Wachuuzi wote wakaondolewa, bidhaa zikarushwa kwenye gari. Kesho yake Mama Soksi akaingia kinyozini na mfuko mmoja uliosalia. Hakuketi.

"Walichokuwa wanaweza kuninyang'anya wameshaninyang'anya," alisema. "Niite huko mahakamani kwako."

Kinyozi hakutia saini. Siku ya ushahidi Mama Soksi aliyasema yote, akamtaja na mkusanya ushuru. Wakili wa manispaa akamuuliza kama alikuwa na kibali. Hakuwa nacho, akajibu, ila ushuru wake walikuwa wakiupokea. Kisha wakamgeukia kinyozi.

"Wewe hupita pale kila siku. Kamba hukuiona?"

Wakili wake akainua macho. Kinyozi angeweza kukana. "Niliiona," alisema.

"Na bado ukashika?"

"Mtu akiyumba hachagui cha kushika."

Hukumu ilipotoka, hakimu alisema manispaa ilizembea, na kwamba mdai naye aliijua hatari. Basi sehemu ya fidia ikakatwa kwa sababu ya ukweli wake mwenyewe. Manispaa ikatishia rufaa, ikaghairi, ikalipa kwa kuchelewa. Mkewe alinung'unika juu ya ile kamba. "Ungenyamaza tu!"  Jioni ya hukumu kinyozi alivua viatu mlangoni, akalala na shati lake mpaka asubuhi.

Sehemu ya fidia ilikwenda kwenye mazoezi ya mkono. Kidole kimoja kiliamka nusu. Kingine kilibaki kama kilivyo. Pazia waliliondoa. Sasa wembe anashika mkewe, na yeye hunyoa vichwa vya mtindo mmoja tu kwa mashine, mkono wa kushoto, polepole. Wateja wengine walihama, wengine wakazoea. Kinyozi alimpa Mama Soksi kona ya kibaraza chake auzie soksi. Saa za mchana, wateja wakipungua, hao watatu hukaa pale kivulini bila maneno mengi, na anayesinzia wa kwanza haamshwi.